Ngano za jadi zirudi darasani

Mtoto wa Lamu humjua Fumo Liyongo. Wa Kisumu humjua Lwanda Magere. Ni wachache wanaowajua wote wawili, na shule zetu zinaweza kuliziba pengo hilo bila gharama kubwa.

Liyongo, shujaa wa Waswahili, hakudhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Magere, shujaa wa Wajaluo, alikuwa na mwili wa jiwe. Uhai wake ulikuwa kivulini, na siri hiyo ilitobolewa na mke aliyetoka kwa maadui. Anayesoma visa hivi sambamba hugundua mwenyewe kwamba jamii mbili zilizo mbali zilivionya vizazi vyao jambo moja: kikulacho ki nguoni mwako.

Hapo ubunifu huanza. Magere angemwonya vipi Liyongo? Mke yule naye angejitetea vipi? Wanafunzi waandike, waigize, wabishane.

Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, unataja ubunifu na uraia miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Hata hivyo, mara nyingi mwanafunzi hukariri sifa za ngano asiwahi kusimuliwa hata moja.

Wizara ya Elimu itoe mikusanyo ya ngano za jamii zote kwa Kiswahili, na shule ziwaalike wazee kusimulia. Baada ya machafuko ya kikabila yaliyofuata uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, Kenya haiwezi kuwaachia wanasiasa kazi ya kuwaeleza watoto jirani yao ni nani.