Bunduki si chombo cha ferme

Kwenye maferme mengi ya Masisi bunduki ya zamani inahesabiwa pamoja na panga, kamba na bidoni ya maziwa. Kitako kimefungwa na kipande cha mpira wa tairi, mkanda wake ni kamba ya mbuzi. Mchungaji anaiegemea kama fimbo, wakati wa kukamua anaitundika kwenye uzio. Kule Walikale iko kalibre 12 ya mwindaji, na zingine za kutengenezwa kijijini. «Hii ni kama mupanga tu,» wanatuambia. Sisi wagronome tunaokuja kuangalia majani na kupe, hatukubali.

Hatusemi kwamba haina kazi. Tangu vita iliyoanzia soko la Ntoto mwezi wa Machi 1993, ng'ombe wa Masisi wameibiwa sana, na mtu anayelala kilimani peke yake na ng'ombe 20 anajua kwa nini aliishika. Kumwambia aitupe leo, jirani akibaki na yake, ni kumuuza.

Lakini tupige hesabu. Bunduki moja kuukuu haizuii watu kumi wa usiku. Wanaweza hata kuja juu ya hiyo bunduki yenyewe, kisha wachukue na ng'ombe. Mtutu ulioliwa na kutu unaweza kumpasukia mpigaji usoni. Sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali, na silaha ya vita raia haruhusiwi nayo. Mwenye ferme mara nyingi anakaa Goma. Atakayekutwa nayo na kuitwa mwasi ni mchungaji.

Na hasara kubwa iko kwenye maharagi. Ng'ombe wakiingia shambani, na mchungaji ana bunduki begani, mwenye shamba ananyamaza. Haendi kwa chifu, haleti neno kwenye koperative. Anakumbuka tu. Siku moja ng'ombe anakutwa amekatwa mishipa ya miguu, na jambo ambalo ndoo mbili za maharagi zingelimaliza linakuwa la vijiji viwili.

Kuweka silaha chini kabisa ni jambo la kilima kizima kwa pamoja, na programu ya serikali, PDDRC-S, si la mtu mmoja mmoja. Sisi tuanze na mahali. Pale tunapopima maziwa, pale tunapopiga dawa ya kupe, na kwenye mkutano, bunduki isiingie, hata ya mlinzi wa mkubwa. Njia za ng'ombe na malipo ya shamba lililoharibiwa yaandikwe kabla ya kupanda msimu B, wakulima wakiwepo. Ng'ombe wapigwe alama ya koperative, ili aliyeibiwa atambulike sokoni Kitchanga au Sake.

Nanyi wenye maferme mulio Goma: mchungaji hawezi kukataa bunduki mliyompa. Nyinyi ndio wa kuja kuichukua.