Kimya Darasani

Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alitoa katika Muqaddima yake ya mwaka 1377 hoja ambayo sisi walimu hatuna budi kuipima. Alisema kuwa elimu ni umahiri unaojengeka ndani ya mtu, na kwamba kuhifadhi maneno si umahiri huo. Njia nyepesi ya kuupata, kwa maoni yake, ni kuzungumza na kujadiliana juu ya masuala ya elimu yenyewe.

Ushahidi aliuchukua katika madarasa ya zama zake. Huko Moroko wanafunzi waliwekewa miaka 16 ya kukaa chuoni, na Tunis miaka 5. Urefu ule, alieleza, ulitokana na ufundishaji duni. Wengi walihudhuria darasa wakiwa kimya, wakihifadhi. Walipotakiwa kujadili au kufundisha, walishindwa.

Wapo watakaosema kwamba mtihani hudai kukariri, na kwamba majadiliano hula muda wa kipindi. Hatukatai kuwa kuhifadhi kuna nafasi yake. Lakini mfano wa Moroko waonyesha kwamba kilichokula muda ni kimya.

Kwa hiyo twashauri kwamba katika kila andalio la somo mwalimu atenge dakika za wanafunzi kueleza kwa maneno yao wenyewe walichofundishwa, na kuhojiana. Asiyeweza kukieleza hajakijua bado. Nasi hatujamaliza kumfundisha.