Kusubiri Viza ya Kazi: Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Safari ya kwenda kutafuta kazi nchi za mbali si jambo geni kwa familia za Tukuyu na vijiji vya Wilaya ya Rungwe. Enzi za ukoloni, vijana wengi wa milima hii walivuka mpaka kwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakafika hadi kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Wakati huo mwandikishaji alitazama nguvu za mwili wa kijana. Akimkubali, safari ilianza.

Leo anayepanga kuondoka ni muuguzi, mhandisi, mwalimu au mtaalamu wa kompyuta, na kinachoamua hatima yake ni nyaraka. Kati ya siku anayoamua kuondoka na siku anayopanda ndege kuna kipindi cha kusubiri ambacho, kisiposimamiwa vyema, huweza kumgharimu ajira, shamba na akiba ya ndugu zake. Ni vyema mwananchi akakifahamu kipindi hicho kabla ya kukiingia.

Kusubiri kwa hatua tatu

Waombaji wengi huhesabu muda wa kusubiri tangu siku waliyowasilisha maombi ya viza. Hesabu hiyo haijakamilika. Hatua ya kwanza ni taaluma ya mwombaji kutambuliwa na chombo husika cha nchi anayokwenda. Hatua ya pili ni kupata mwajiri au mwaliko. Uamuzi wa viza ni hatua ya tatu, na mara nyingi ndiyo fupi kuliko zote.

Nchini Uingereza, uamuzi wa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kwa anayeomba akiwa nje ya nchi hiyo hutolewa kwa kawaida ndani ya wiki 3. Lakini mwombaji hawezi kufika hapo bila mwajiri mwenye leseni kumpatia cheti cha udhamini. Nchini Australia, anayeomba viza ya ujuzi bila mdhamini hutakiwa kwanza kufanyiwa tathmini ya taaluma, kisha kufikisha angalau alama 65. Alama hizo humruhusu kuingia kwenye foleni tu, hazimhakikishii kuitwa. Canada nayo huwapanga waombaji wa mfumo wake ulioanza mwaka 2015 kwa alama zinazofikia 1,200, na anayealikwa hupewa siku 60 kukamilisha maombi yake.

Hivyo, anayesema "nasubiri viza" huenda kwa kweli anasubiri mwaliko, na mwaliko hauna tarehe.

Nyaraka zina ukomo

Wakati mwombaji anasubiri, muda wa nyaraka zake nao unakwisha. Cheti cha udhamini cha Uingereza hutumika ndani ya miezi 3 tangu kilipotolewa. Cheti cha vipimo vya kifua kikuu, ambacho Mtanzania anayekwenda kukaa nchini humo zaidi ya miezi 6 hutakiwa kuwa nacho, hudumu miezi 6. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hutambuliwa kwa miaka 2. Anayekimbilia kulipia vipimo kabla ya kupata mwajiri huweza kujikuta analipa mara mbili.

Zipo nyaraka zinazofaa kuandaliwa mapema. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa nchini Januari 2018, hudumu miaka 10. Cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa navyo havipaswi kusubiri mwaliko. Muhimu zaidi ni majina. Katika wilaya yetu majina mengi ya ukoo huanza na "Mwa", na kosa la herufi moja kati ya cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa hutosha kuzua maswali. Kipindi cha kusubiri mwaliko ndicho cha kurekebisha dosari hizo, kwani miezi 3 ya cheti cha udhamini haitoshi kwa kazi hiyo.

Kanuni hubadilika njiani

Februari 2022 Uingereza iliruhusu waajiri kuleta watunzaji wa wazee na wagonjwa kutoka nje, na wengi Afrika Mashariki walianza kujiandaa. Aprili 2024 kiwango cha jumla cha chini cha mshahara kwa mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka, ingawa kada za afya zina viwango vyake. Julai 22, 2025 kiwango hicho kilifika pauni 41,700, na siku hiyo hiyo mlango wa watunzaji wapya kutoka nje ulifungwa.

Aliyeuza shamba mwaka 2024 ili agharamie safari ya kwenda kuwa mtunzaji hakufanya kosa lolote la kisheria. Alitegemea mlango ambao ufunguo wake uko mikononi mwa wengine. Mparachichi uliobebeshwa huchukua takribani miaka 3 kuanza kuzaa; ukishauzwa pamoja na ardhi, barua ya kukataliwa viza haiurudishi. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Wataalamu wa afya na mawakala

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania ikiwemo. Kwa mujibu wa mwongozo wa maadili wa Uingereza, waajiri na mawakala hawapaswi kuendesha uandikishaji wa wataalamu wa afya katika nchi za orodha hiyo. Muuguzi Mtanzania hazuiwi kuomba kazi mwenyewe moja kwa moja kwa mwajiri. Lakini wakala anayepita mitaani akidai anaandikisha wauguzi kwa ajili ya hospitali za Uingereza, tena kwa malipo, anastahili kutiliwa shaka.

Tahadhari hii inahusu pia matangazo ya simu yanayovuka mpaka. Kenya ilisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021, na na Ujerumani Septemba 2024. Tangazo linalotokana na makubaliano hayo halimhusu Mtanzania kwa sababu tu limeandikwa kwa Kiswahili.

Hapa nchini, wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya mwaka 1999 ya kukuza huduma za ajira. Kanuni za Shirika la Kazi Duniani za mwaka 2016 zinasisitiza kuwa gharama za kuandikishwa zisibebwe na mfanyakazi. Mwananchi aombe kuona leseni, adai stakabadhi, na asimwachie mtu pasipoti yake. Udanganyifu unaoishia katika unyonyaji ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008.

Wajibu wa anayeondoka

Kwa mtumishi wa umma, kusubiri viza si ruhusa ya kutofika kazini. Kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa la kinidhamu linaloweza kumfukuzisha kazi, na rekodi hiyo humfuata pale mwajiri mpya anapotaka taarifa zake. Isitoshe, anayeondoka kimya kimya huacha nafasi inayoonekana kujazwa huku wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Anayeaga kwa utaratibu huwezesha mwingine kuajiriwa mahali pake.

Kutafuta kazi nje ni haki ya mwananchi, na fedha zinazotumwa nyumbani hujenga nyumba na kusomesha watoto. Haki hiyo hulindwa na mpangilio mzuri: kubaki kazini hadi viza itoke, kutouza ardhi kwa sababu ya ahadi, kuweka kwa maandishi nani atasimamia chai, migomba na ada za watoto, na kusoma masharti kwenye tovuti rasmi ya nchi husika kila kabla ya kulipa. Viza ikikataliwa, mwombaji wa namna hiyo atakuwa bado na kazi, shamba na nafasi ya kuomba tena.