Tunamwita Chifu, Jina Lake Nani?

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea mlimani, mwenzetu mmoja alianguka uani kwenye nyumba tunayopanga hapa Bigwa. Ilikuwa kama saa tano usiku. Alikuwa anatokwa jasho, anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mmoja wetu akacheka: "Chifu leo kazidisha." Chifu hanywi pombe, ila kwa hali aliyokuwa nayo ungeamini.

Tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Mapokezi wakauliza maswali mepesi kabisa: majina kamili, umri, ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani, ana bima, ndugu yake nani. Tulikuwa watu wanne. Tumeishi naye mwaka mzima, tumekula naye ugali wa sufuria moja. Hakuna aliyejua majina yake matatu. Simu yake imefungwa kwa namba ya siri. Mama yake tulijua yuko Ifakara, basi.

Daktari alipompima, sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Kumbe Chifu ana kisukari na anachoma insulini, ila alikuwa anatuficha. Kama tungejua, tungempa maji ya sukari palepale uani akiwa bado anaweza kumeza. Alipona, na kesho yake mchana alikuwa anadai chai. Lakini mama yake alipata habari saa nne asubuhi, tena kutoka kwa mtoto mwenyewe. Mambo yangekwenda vingine, tungemtafuta kwa jina gani?

Msimamo wangu ni huu: kila mwanafunzi awe na karatasi moja yenye taarifa zake muhimu, na mtu mmoja wa karibu ajue ilipo. Tarehe ya bumu tunaijua wote kwa kichwa. Namba ya mzazi wa mwenzako unayelala naye chumba kimoja, huna.

Sisi wa Morogoro tusingehitaji kukumbushwa. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya 100. Nilikuwa sekondari wakati huo. Baadhi ya miili haikutambulika kwa sura, ikabidi vitumike vipimo vya vinasaba. Kuna familia zilizozunguka zikiuliza mtu wao yuko wapi. Karatasi isingezuia moto ule, najua. Ila aliyebaki hai angalau angejua pa kuanzia kutafuta.

Nikiwaambia wenzangu, wa kwanza ananijibu: "Acha kujichuria." Jamani, kuandika namba ya mama hakuiti kifo. Mbona mwavuli tunabeba na hatusemi tunaita mvua? Wa pili anasema ugonjwa wake ni siri yake. Kweli, na ana haki. Basi aiweke kwenye bahasha, aifunge kwa gundi, aandike juu "Fungua nikizidiwa". Siri inabaki siri mpaka siku ya shida. Wa tatu anasema kila kitu kipo kwenye simu. Simu ya Chifu nayo ilikuwa na kila kitu. Kama unaipenda simu, tafuta sehemu ya taarifa za dharura. Simu nyingi za kisasa zinayo, na inafunguka bila namba ya siri.

Andika nini? Majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Watu wawili wa kupigiwa, mmoja awe karibu. Ugonjwa, dawa, na dawa zinazokudhuru. Namba ya bima, namba ya NIDA, namba yako ya mtihani wa kidato cha nne na mwaka. Usiandike namba ya siri ya benki wala ya pesa za simu. Vyeti vitolee nakala, vya asili vitie kwenye mfuko usiopitisha maji, uvitundike juu. Mafuriko hayachagui godoro lenye vyeti na lisilo navyo.

Ukienda likizo, fanya na nyumbani. Begi la chini ya kitanda cha wazazi unalijua: hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, risiti za mwaka wa shetani, vyote pamoja. Kaa na mama mpange. Muulize kwa heshima anadai nani na anadaiwa na nani kwenye kikoba. Nilipomuuliza wangu alinuna siku nzima. Jioni akaniita jikoni, akanitajia watu saba, nikaandika. Kama baba anataka kuandika wosia, RITA wanaandikisha na kuhifadhi.

Serikali ya wanafunzi nayo isikae pembeni. Fomu za usajili zina nafasi ya ndugu wa karibu, tunajaza mwaka wa kwanza halafu namba zinabadilika. Tuombe zihuishwe kila muhula, na kila nyumba ya wapangaji iwe na mwakilishi anayejua pa kupiga. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba mwalimu wa darasa lazima ajue mzazi wa kila mtoto. Tuanze sisi kwa sisi.

Chifu karatasi yake ipo nyuma ya mlango, ndani ya bahasha ya kaki. Ya kwangu ipo pembeni yake. Ya kwako iko wapi?