WATU MASHUHURI: Sir Apolo Kagwa na Vita vya Ndugu

Wasomaji wetu wa Kisii na Nyamira, jueni kwamba katika ramani za Waingereza nchi ya Wagusii ilihesabiwa upande wa Uganda hata tarehe 1 Aprili 1902. Kwa hiyo habari za juma hili si za mbali. Ni habari za Apolo Kagwa wa Buganda, aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaishia kuvikwa nishani.

Kagwa alitumika ujanani katika jumba la Kabaka Mwanga. Mwaka 1886, Kabaka alipowaua Wakristo wengi, yeye alipigwa vikali akaachwa hai. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walishikana mikono wakamwondoa Mwanga. Lakini punde si punde Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia Ankole. Mwaka 1889 jemadari wao, Nyonyintono, aliuawa vitani. Kagwa akashika nafasi yake, akawa Katikiro, yaani waziri mkuu, na Mwanga akarudishwa kitini.

Je, amani ilikuja? La. Walioshinda pamoja waligeukiana. Tarehe 24 Januari 1892 Waprotestanti, chini ya Kagwa, walipigana na Wakatoliki pale Mengo. Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza akatia mkono kwa bunduki zake za Maxim, na Waprotestanti wakashinda.

Wahenga walisema, vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwaka 1894 nchi ikawekwa chini ya Uingereza. Katika mapatano ya mwaka 1900, wakuu na watu wengine wapatao 1,000 waliandikiwa maili za mraba 8,000 za ardhi. Maili 9,000 zikawa za serikali ya Mwingereza. Wakulima wengi wakajikuta wapangaji katika mashamba ya babu zao.

Hata hivyo Kagwa hakuwa mtu wa bunduki tu. Tangu mwaka 1897 alimshikia ufalme mtoto Daudi Chwa, pamoja na Zakaria Kisingiri na Stanislaus Mugwanya, mkuu wa Wakatoliki. Aliandika pia historia ya wafalme wa Buganda. Mwaka 1905 Mwingereza alimpa nishani na jina la Sir. Lakini mwaka 1926, baada ya kugombana na maofisa wa Kiingereza, aliacha kazi, na mwaka 1927 akafariki mjini Nairobi. Nishani ilibaki kifuani. Amri ilikuwa mikononi mwa mwingine.

Leo Kisii na Nyamira ni kaunti mbili, na mji wa Keroka, ulio mpakani, umezigombanisha kwa mambo ya mipaka na ushuru. Kagwa na Mugwanya waliketi meza moja baada ya damu kumwagika na ardhi kukatwa. Yawapasa ndugu kuketi mapema, shamba lingali lao.