Tahadhari: Mtandao Usiingie Mwankoko Kabla ya Kinga

Alizeti ikishauzwa na vitunguu vikishapakiwa, hela ya mwaka mzima ya mkulima wa Mwankoko huingia kwenye simu yake ndani ya wiki chache. Kipindi hicho hicho ndicho matapeli wanachokingoja. Naandika kabla ya mavuno kwa makusudi, kwa sababu hela ikishatumwa kwenye laini ya tapeli hutolewa kwa wakala upesi, pengine mikoa mitatu mbali, na aliyeibiwa hubaki na ujumbe wa muamala tu.

Sipingi kompyuta wala intaneti. Kata ya Mwankoko imo ndani ya Manispaa ya Singida, na visima vyake ni miongoni mwa vyanzo vya maji vinavyoutegemeza mji. Watu wanaounywesha mji wana haki ya kujua bei za mjini kabla dalali hajafika shambani. Jambo hili limewahi kufanyika nchini kwetu: huko Magu, mkoani Mwanza, kituo cha CROMABU kilikuwa kikitafuta bei za mazao kwenye intaneti ili kuwapa wakulima, na Sengerema ilikuwa na kituo chake cha mawasiliano tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwezi Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mbolea ya ruzuku nayo inamtaka mkulima asajiliwe kwenye mfumo, na namba yake ya simu imo humo. Mtandao unakuja, tupende tusipende. Kinachonitia hofu ni kwamba vifaa hutangulia kwa ngoma na hotuba, halafu elimu ya kujilinda hufuata baada ya watu kuibiwa, au haifuati kabisa.

Hatari ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni upatu unaovaa nguo za kilimo. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaukumbuka upatu wa DECI. Kutoa hela kuliitwa kupanda mbegu, na kulipwa kuliitwa kuvuna. Viongozi wake walikuwa wachungaji, basi watu wakaamini. Serikali ilipoisimamisha, waliopanda mwishoni hawakuvuna kitu, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia viongozi hao hatiani. Miaka michache baadaye ikaja Mr Kuku Farmers, iliyowaahidi watu faida ya asilimia 70 ndani ya miezi minne kwa kuwekeza kwenye ufugaji wa kuku. Hiyo nayo iliishia Kisutu.

Msomaji wa Singida, simama hapo kidogo. Hakuna mkoa unaojua kuku wa kienyeji kuliko wako. Dar es Salaam inawala kila siku. Wewe unajua kwamba kifaranga hafiki sokoni kwa miezi minne, na kwamba mdondo ukiingia bandani unaweza kuamka asubuhi ukute umebaki na jogoo mmoja. Unajua pia kwamba mvua ikikatika Februari, alizeti haijazi. Kwa hiyo mtu anapokuahidi faida isiyoyumba, isiyojua ukame wala ugonjwa, una ujuzi wa kumkatalia kuliko mtumishi wa benki. Utumie. Ahadi ile ile ikija kwenye skrini yenye rangi nzuri na maandishi ya Kiingereza, ipime kwa kipimo kile kile cha shamba na banda.

Na siku hizi inakuja kwenye skrini. Mapema mwaka 2025 polisi katika mikoa kadhaa waliwakamata watu waliokuwa wakiendesha LBL, mpango ambao wanachama wake walilipa kiingilio, wakaahidiwa malipo kwa kutazama vipande vya filamu kwenye simu na kwa kuingiza watu wapya. Kabla yake ilikuwepo Kalynda, nayo ya kwenye simu. Zote mbili hazikuhitaji mkutano wa hadhara. Kundi moja la WhatsApp na bando la siku vilitosha. Zaidi ya hapo, anayekuingiza si mgeni. Ni binamu yako, mwanakwaya mwenzako, mwanachama wa kikoba chako, ambaye mwenyewe amelipwa mara moja au mbili na anakuita kwa nia njema. Ushahidi wake ni wa kweli. Hela aliyolipwa ndiyo hela ya waliomfuata. Vikundi vya kuweka na kukopa vya Mwankoko visiruhusu hata shilingi moja ya sanduku iingie kwenye mpango wa namna hiyo, hata akiuleta mwenyekiti mwenyewe.

Hatari ya pili ni ya kidole na namba ya siri. Tangu mwaka 2020 laini zote husajiliwa kwa alama za vidole zinazolinganishwa na taarifa za NIDA. Ni kinga nzuri, lakini ina mlango wa nyuma. Vidole vya mtu aliyeshika jembe miaka 40 vimechubuka, na mashine huvikataa kweli. Msajili asiye mwaminifu anaujua ukweli huo. Anakwambia, “Mama, haijasoma, weka tena,” nawe unaweka mara ya pili na ya tatu, huku yeye akisajili laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ikitumika kutapeli, jina litakalosomeka ni lako, na wa kwanza kutafutwa ni wewe. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafungwe.

Namba ya siri matapeli hawaiibi kwa mitambo, wanaiomba. Sauti ya heshima inapiga: “Shikamoo mzee wangu, naongea kutoka huduma kwa wateja, kuna hela imekuja kwako kimakosa.” Au ujumbe: ile hela tuma kwenye namba hii. Au anayejifanya mwalimu anapiga kusema mwanao amezidiwa shuleni na dawa zinahitajika sasa hivi. Wanachotaka ni uharakishe kabla hujamuuliza mtu. Kampuni za simu hukupigia kwa namba 100 tu, na hata hizo hazina ruhusa ya kukuuliza namba ya siri. Atakayekuuliza ni mwizi, hata akijua jina lako lote na la marehemu baba yako.

Kuhusu mikopo ya kwenye simu nitasema machache. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Nyingi za aina hiyo huomba kusoma orodha ya majina kwenye simu yako, na ukichelewa kulipa, mkwe wako na mchungaji wako hutumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Ukitaka mkopo wa mbegu, anzia kwenye kikundi chako au taasisi yenye leseni.

Sasa naomba wanaoleta kompyuta wanisikilize, wawe shule, mradi au Manispaa. Mradi wowote huanza kwa daftari: majina, namba za simu, namba za NIDA, ekari za kila mtu. Daftari hilo likianguka mikononi mwa tapeli, atajua nani amelima nini na ampigie lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana anayekusanya na anayetunza taarifa hizo. Msiombe namba ya NIDA pale ambapo jina linatosha, wala msiache orodha wazi juu ya mashine inayotumiwa na kila mtu. Kijana anayesaidia wazee kwenye kompyuta asijue neno la siri la mzee yeyote. Afundishwe kugeuza uso mzee anapoandika, na kuhakikisha ametoka kwenye akaunti kabla hajainuka. Ugeni wa mzee kwenye mashine usiwe sababu ya kumfanya atoe siri zake. Mwankoko ikifunguliwa kituo cha kompyuta, somo la kwanza kabisa liwe hili, kabla ya barua pepe, kabla hata ya kushika kipanya, tena lifundishwe kwa Kinyaturu kwa bibi na babu ambao Kiswahili cha mitambo kinawapita.

Mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa, lisemeni jambo hili kwenye mkutano ujao, na viongozi wa dini walirudie siku ya ibada. Nawe uliyesoma, msomee jirani asiyejua kusoma. Ukipata ujumbe wa kitapeli, usiujibu wala usiufute: utume kwenda 15040, kisha fuata maelekezo kutaja namba iliyoutuma, ili laini hiyo ifungwe kabla haijamfikia mwingine.