Miche Ifike Kabla ya Mvua

Kila mwaka, kaskazi inapoanza kulegea na mwezi wa Machi unapokaribia, wakulima wa Wilaya ya Micheweni huanza kazi ambayo haiandikwi katika ripoti yoyote. Huchimba mashimo. Wingwi, Konde, Msuka na Tumbe, mashimo hayo huachwa wazi yakisubiri miche, na miche isubiri masika. Malalamiko yanayotufikia kutoka kwa wakulima hao ni ya namna moja, nayo si mapya: mvua hufika, miche haifiki. Inapofika, mvua imekwisha katika, jua la Juni limeshika kazi, na mkulima hupokea vijiti vilivyonyauka ndani ya vifuko vya plastiki, akatakiwa atie saini kwamba amepokea.

Hatuandiki haya kwa kusimuliwa tu. Mmoja wetu katika chumba hiki cha habari aliagiza kwa simu miche ya miembe na michungwa iliyobebeshwa, kutoka kwa muuzaji mmoja wa ng'ambo ya bahari aliyejitangaza kwamba hupeleka popote. Fedha zilikwenda kwa dakika moja. Miche ilichukua wiki saba. Kila alipouliza aliambiwa iko njiani, kisha iko bandarini, kisha imepakiwa katika meli ya kesho. Ilipopatikana, sita kati ya kumi ilikuwa imekufa na minne iliyobaki ilikuwa imepukutika majani yote. Muuzaji alisema yeye alituma ikiwa hai, na hilo huenda ni kweli. Mpakizi alisema yeye kazi yake ni mizigo, hajui habari ya kumwagilia maji, na hilo nalo ni kweli. Hivyo ndivyo mche unavyokufa katika mikono ya watu ambao kila mmoja ana haki yake.

Wapo watakaosema kwamba kisiwa ni kisiwa, na kwamba bahari haina ratiba. Sisi hatukubaliani na udhuru huo. Mkarafuu wenyewe, ambao Pemba inajulikana kwao duniani, ni mgeni aliyekuja kwa jahazi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi inayoitwa leo Indonesia. Wafaransa waliupata wakaupeleka Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaletwa Zanzibar kutoka visiwa hivyo vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1833 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alipeleka mimea Sydney ndani ya masanduku ya kioo yaliyofungwa. Safari ilikuwa ya miezi, katika joto na baridi, na mimea ikafika hai. Ikiwa mmea uliweza kuvuka nusu ya dunia kwa tanga, ni vigumu kumshawishi mtu mwenye akili kwamba hauwezi kutoka Unguja hadi Micheweni kwa injini. Masafa hayaui mche. Unauliwa na siku anazokaa juani bila ya mtu wa kumwuliza hali.

Ni lazima tueleze kwa nini ucheleweshaji huu unaiumiza Micheweni kuliko wilaya nyingine. Sehemu kubwa ya mashariki ya wilaya hii ni uwanda wa mawe. Kuanzia Maziwa Ng'ombe hadi Kiuyu, udongo umekaa kidogo kidogo katika mifuko ya matumbawe, na maji ya mvua hupita humo kama yapitavyo katika chujio. Mkulima wa bonde, ambaye ardhi yake ni ya kina, akipanda mwishoni mwa Mei anaweza bado kupata unyevu wa kuushikisha mche mizizi. Mkulima wa uwanda akipanda siku hiyo hiyo amezika mche, hakuupanda. Basi wiki mbili za kuchelewa si kitu kimoja kwa watu wote. Na uchunguzi wa matumizi ya kaya uliofanyika mwaka 2004/05 uliiweka Micheweni kuwa wilaya yenye umasikini mkubwa kuliko zote za Zanzibar. Ni jambo la kusikitisha, basi, kuona kwamba gari ya miche inayoshusha mzigo Mkoani, ikapita Chake Chake na kwenda Wete, aghalabu humalizia Micheweni. Anayeweza kusubiri hupata kwanza, asiyeweza kusubiri hupata mwisho.

Tuchukue mfano wa mkarafuu. Mwaka 1872 kimbunga kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ikashika nafasi ya kwanza ambayo haijaiachia hadi leo. Tangu Serikali ilipopandisha bei ya karafuu mwaka 2011, hamu ya kupanda imerudi hata kwa vijana waliokuwa wakiuona mkarafuu kuwa ni mali ya wazee. Serikali imekuwa ikiotesha miche katika vitalu vyake na kuwapa wananchi bila ya malipo. Hilo ni jema na tunalipongeza kwa dhati. Lakini mkarafuu una tabia zake. Mpeta haukubali kuwekwa ghalani. Lazima uatikwe ungali mbichi, katika siku chache tu baada ya kuokotwa. Mche hukaa kitaluni mwaka na zaidi. Ukishapandwa unataka kivuli na maji, na hautoi karafuu za maana mpaka ipite miaka sita, saba au nane. Anayekosa masika ya mwaka huu hakosi mwezi mmoja. Amekosa mwaka mzima wa mavuno, tena utakaodaiwa na watoto wake.

Kutokana na hayo, hakuna mtendaji anayeweza kusema kwamba mahitaji ya miche yalimjia ghafla. Mche utakaopandwa masika ijayo umo kitaluni sasa. Unahesabika. Masheha wanaweza kuandikisha wanaoihitaji mwaka mmoja kabla, na gari ya kuisafirisha inaweza kutengewa mafuta katika bajeti ileile iliyonunua mbolea na vifuko. Kinachokosekana si elimu ya kilimo. Vijana wetu wa ugani wanaijua vizuri. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye jina na cheo ambaye, mche ukichelewa, ndiye wa kuulizwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa muhogo. Mwaka 2007 watafiti wa Zanzibar walitoa mbegu nne, Kizimbani, Mahonda, Machui na Kama, zinazostahimili maradhi ya michirizi ya kahawia, yale yanayouozesha muhogo ndani ya ardhi huku majani yakimdanganya mwenye shamba. Kazi hiyo ilikuwa ya miaka. Lakini kipando cha muhogo ni kijiti kilichokatwa. Kikikaa wiki mbili tatu juani nyuma ya ofisi, utafiti wote huo umegeuka kuni.

Na kwa mwani saa ni fupi zaidi. Zao hili lilianza kulimwa kibiashara mwaka 1989 huko Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, kisha likaenea hadi kwetu, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani mnene, ambao bei yake ni nzuri kuliko ule mwembamba, haupendi maji yaliyopata moto, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 umekuwa ukifa katika maji mafupi. Unapokufa, mkulima hana mbegu. Lazima aipate kwa wenziwe wa upande mwingine wa kisiwa. Mbegu hiyo ni tawi bichi. Haivumilii kukaa nje ya bahari, na kuifunga kunataka bamvua, maji yanapotoka mbali na kina mama wakaweza kusimamisha mambo na kukaza kamba. Gari ikichelewa siku nne, bamvua limepita, na lijalo liko mbele kwa nusu mwezi. Hapana kikao cha ofisi kinachoweza kuliahirisha bamvua.

Sasa tuseme jambo ambalo baadhi ya wenzetu hawatapenda kulisoma. Sisi tumelelewa ndani ya Chama, na tunajua kwamba mwaka 1972, TANU ilipotangaza mjini Iringa kuwa Siasa ni Kilimo, maana yake haikuwa kwamba kilimo kingoje siasa. Lakini tumeshuhudia kwa macho yetu miche iliyofika kwa wakati, ikashushwa vizuri, ikapangwa safu safu chini ya mwembe, kisha ikazuiwa isigawiwe kwa sababu mgeni rasmi hajathibitisha siku ya kuja kuizindua. Siku tatu zikawa kumi. Mvua ikanyesha juu ya miche iliyopangwa safu, na mashimo yakajaa maji bila ya mche. Mgeni alipofika, alipanda mmoja, akapigwa picha, na wananchi wakachukua iliyobaki ikiwa imejikunja mizizi ndani ya vifuko. Hatumtaji mtu wala shehia, kwani kila kiongozi akisoma hapa atajua kama ni yeye. Chuoni tulifundishwa kwamba amana hufikishwa kwa mwenyewe. Hatukumbuki kufundishwa kwamba ifikishwe baada ya hotuba.

Wananchi nao wasijione wamesalimika. Wako wanaoandikisha miche hamsini huku mashimo waliyochimba ni matano. Wako wanaoambiwa Jumatatu kwamba miche iko kwa sheha wakaenda kuichukua Jumapili, na wakiikuta imekauka hulaumu Serikali. Na wako, ingawa si wengi, wanaochukua miche ya bure na kuiuza Wete. Huyo wa mwisho hana udhuru wowote na asitetewe na jamaa zake.

Kuhusu wauzaji wa kuagizwa kwa simu, tunasema hivi. Biashara hiyo ni nzuri na imewafungulia milango watu wa mbali na mjini, hatutaki izuiwe. Lakini anayeuza kitu chenye uhai aseme wazi siku ya kukituma na siku ya mwisho ya kukifikisha, na ikipita siku hiyo arejeshe fedha bila ya mvutano. Mnunuzi naye asilipe yote kabla ya kuona mzigo. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ipo kwa ajili ya kumlinda mtumiaji. Ingefaa ikatazama na mche, isiishie kwenye mchele na saruji.

Tunaelewa kwamba mimea inayovuka bahari haina budi kukaguliwa, na tunaunga mkono ukaguzi huo kwa nguvu zote. Mnyauko wa migomba uliingia Kagera katika miaka ya 2000 ukitokea nchi jirani, na hakuna mtu wa Pemba anayetaka kuuona hapa. Ila ukaguzi usiwe kisingizio cha kulaza mimea bandarini. Mkaguzi awepo siku meli inapofunga gati, na pawepo kivuli na pipa la maji pale pale. Banda la makuti si mradi wa kuombewa mkopo.

Tunachokiomba kwa Wizara inayohusika na kilimo na kwa uongozi wa Mkoa wa Kaskazini Pemba ni kwamba gari ya kwanza ya msimu ije Micheweni, kisha irudi kusini. Kwamba vitalu vidogo vianzishwe ndani ya wilaya yenyewe, kwa vikundi vya wananchi, ili mche usafiri kwa baiskeli badala ya meli. Na kwamba ugawaji wowote wa miche usifungwe na sherehe. Mwenye kutaka kuhutubia ana siku nyingi za kiangazi.

Vuli huanza Oktoba. Ratiba ya vipando na miche ya msimu huo, yenye tarehe na jina la mhusika wa kila shehia, inaweza kubandikwa katika mbao za matangazo za masheha kabla ya Agosti kwisha. Tutakwenda kuziangalia.